Bura: Mgeni aliyegeuka mwenye nyumba

IKIWA sebuleni mwako kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai, bila shaka umekwisha kuijua raha na karaha yake. Raha ni pale taa ya tangi inapowashwa jioni, watoto wakasogeza viti, na nyumba nzima ikawa kama imehamia Watamu. Karaha ni ile asubuhi unapogundua kwamba tumbawe ulilolinunua kwa pesa nyingi limeanza kusinyaa, na kando yake kumeota kitu kama ua dogo la rangi ya kahawia ambalo hukulipanda.

Na kama huna tangi la aina hiyo, usifunge ukurasa huu. Habari ya leo inaanzia sebuleni lakini haikai huko. Itakupeleka hadi Bura, katika kaunti ya Tana River, ambako jambo hilo hilo utaliona likiwa limetanda juu ya ardhi hadi macho yachoke kutazama.

Tuanze na kile kiua. Wafugaji wa samaki wa mapambo hukiita aiptasia. Ni mnyama, tena ni wa ukoo mmoja na matumbawe yenyewe, na ana mikono midogo yenye sumu inayowachoma majirani zake mpaka wajikunyate. Aliingia akiwa amejificha katika tundu la jiwe ulilolinunua mwenyewe, ukalibeba mwenyewe, ukaliweka ndani kwa mkono wako.

Ndivyo waingiavyo karibu wote. Wapo minyoo bapa walao matumbawe, wembamba kama karatasi na wenye rangi ya tumbawe lile lile wanalolila. Wapo konokono wa bahari wasio na gamba, na vijidudu vyekundu ambavyo ni shida kuviona bila kioo cha kukuzia. Hakuna hata mmoja anayebisha hodi. Kila mmoja huja ndani ya mzigo mzuri.

Mwenye tangi anapomwona aiptasia kwa mara ya kwanza, hushikwa na hasira akamkwangua kwa kisu. Hapo ndipo anapoharibu. Kipande kidogo cha mguu wake kikibakia jiweni, huota kikawa aiptasia mpya. Leo alikuwa mmoja, baada ya wiki chache wako kumi. Na kadiri unavyowamwagia samaki chakula kupita kiasi, ndivyo yeye anavyonenepa kwa mabaki.

Basi shika mambo matatu: aliingia kwa mkono wako, ukimkata anazidi, na chakula chako ndicho kinachomlisha. Sasa funga mizigo, tusafiri.

NJIA YA KWENDA BURA

Kwanza tusije tukakosea Bura. Iko Bura ya Taita, yenye milima na misheni ya zamani. Hiyo siyo. Hii yetu iko upande wa magharibi wa mto Tana, kati ya Garissa na Hola, na ndiyo iliyolipa jina lake eneo la bunge la Bura.

Ukitoka Nairobi utapita Thika na Mwingi, mwendo wa kilomita zipatazo 370, hadi karibu na Garissa. Kabla ya kuvuka daraja la Tana na kuingia mjini, uko Madogo. Hapo ndipo unapogeuka kusini, ukiwa na mto mkono wako wa kushoto. Ukitoka Mombasa utapita Kilifi, Malindi, Garsen na Hola, ukipanda na mto kuelekea kaskazini.

Njia yoyote utakayoichagua, beba maji ya kunywa na kitambaa cha kujifunikia vumbi. Nchi hii ni tambarare na joto lake halina mzaha. Mvua ya mwaka mzima haifiki wastani wa milimita 500, na iko miaka ambayo husahau kabisa kunyesha. Utaona migunga mifupi, vichuguu, ngamia wakitembea kwa madaha, na vijana wa Kiorma nyuma ya ng'ombe, fimbo zimelazwa mabegani.

Kisha, ukisogea upande wa mto, nchi hubadilika ghafla. Tana hutoka mbali, kwenye milima ya Kenya na Nyandarua, na popote upitapo huacha utepe wa msitu wa kijani kandokando. Humo mna mikuyu, mikoma na mashamba ya migomba na maembe ya Wapokomo. Chini zaidi, kati ya Hola na Garsen, utepe huo ndio makao ya mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, nyani wawili ambao hawapatikani popote pengine duniani. Serikali iliwatengea hifadhi mwaka wa 1976.

Uweke moyoni msitu huo mwembamba, kwa maana ndio uliofanya mgeni wetu aalikwe.

TANGI LISILO NA KIOO

Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Kenya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa wafadhili wengine, ilianza kujenga Bura mojawapo ya miradi mikubwa ya kunyunyiza maji mashamba nchini. Mpango wa kwanza ulikuwa kulima hekta 6,700 za pamba na mahindi, na kuwapa makao maelfu ya Wakenya wasiokuwa na ardhi. Wakulima wa kwanza walifika mapema miaka ya 1980, kutoka pembe zote za nchi. Ndiyo maana hadi leo katika vijiji vya mradi utasikia lafudhi za Kati, Magharibi, Nyanza, Ukambani na Pwani zikikutana katika Kiswahili kimoja.

Tazama jinsi mahali hapa palivyofanana na lile tangi la sebuleni. Palikuwa ni nyika kavu, binadamu akaamua kuumba humo dunia nyingine kwa maji ya kuletwa. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli huko Nanigi, yakaingia mfereji mkuu, yakagawanywa kwa mifereji midogo hadi kwenye shamba la kila mkulima. Kila kitu kilining'inia kwenye mashine.

Mwenye tangi la matumbawe anajua maana yake. Zima pampu usiku mmoja tu, na asubuhi utazoa maiti za samaki kwa kikombe.

Bura nayo iliyajua hayo. Gharama zilipanda kupita makisio, na eneo lililolimwa likaishia karibu hekta 2,500 tu. Pampu ziliharibika mara kwa mara, vipuri na mafuta vikawa haba, na pamba ikakosa maji wakati inayahitaji zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 kilimo cha pamba kilikuwa kimeporomoka. Wakulima wengine walifungasha wakaondoka. Waliobaki, walibaki na mashamba makavu na mifereji mitupu.

Lakini kabla ya hayo kutukia, palikuwa na swali jingine dogo ambalo lilihitaji jibu. Maelfu ya watu wakiletwa nyikani, watapikia nini?

MGENI AALIKWA

Swali hilo lilikuwa la haki. Wapangaji wa mradi waliona kwamba familia hizo zingekata ule msitu mwembamba wa kando ya mto mpaka uishe. Dawa yake ilikuwa kupanda miti ya kuni. Serikali ya Ufini ilisaidia mradi wa misitu hapa Bura katika miaka ya 1980, na miti ya aina nyingi ikajaribiwa ili kujua ni ipi itakayostahimili jua na udongo wenye chumvi.

Miongoni mwa miti iliyoletwa Bura mapema katika miaka hiyo ulikuwamo mmoja uliowashinda wengi. Wataalamu huuita Prosopis juliflora. Wakenya wameupa jina la mathenge.

Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Inajulikana kwamba mwaka wa 1973 mbegu zake kutoka Brazil na Hawaii zilipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kurudisha uhai katika machimbo ya mawe ya saruji. Pale palikuwa mwamba mtupu, nao ukamea. Baadaye ulipelekwa Baringo, Turkana na huku Tana River.

Na kusema kweli, sifa zake zilikuwa za kumpendeza yeyote. Hukua haraka. Huvumilia ukame, chumvi na mbuzi. Kuni zake zina moto mkali na makaa yake ni mazito. Huzuia upepo, na nyuki hupenda maua yake. Maganda ya mbegu zake ni matamu kama sukari na mifugo huyagombania. Kama ungekuwa wewe, msomaji, unatafuta mti wa kuokoa msitu wa Tana, huenda nawe ungeuchagua.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza: huyu mgeni akikataa kuondoka, tutamtoa vipi?

ALIVYOITWAA NYUMBA

Sasa kumbuka yale mambo matatu ya aiptasia.

La kwanza, aliingia kwa mkono wetu. Mathenge haukuvuka bahari kwa upepo. Uliletwa ukiwa mbegu, ukaoteshwa kitaluni, ukamwagiliwa maji na kupalilia.

La pili, ukiukata unazidi. Chipukizi za mathenge ziko kwenye shingo ya mti, chini kidogo ya uso wa ardhi. Mtu akifyeka juu ya hapo, badala ya shina moja hupata mashina mengi, yamebanana, na miiba yake ni kama misumari. Kichaka cha namna hiyo ng'ombe hapenyi, na mtu hupenya kwa kutambaa. Mizizi nayo hufuata maji chini sana. Huko Arizona, Marekani, mizizi ya jamaa yake mmoja iliwahi kukutwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi.

La tatu, chakula chetu ndicho kinachoulisha. Mbuzi hula yale maganda matamu, tumbo lake haliziwezi mbegu kwa sababu ya ugumu wa ngozi yake, na baada ya siku chache huziangusha mbali, kila mbegu ikiwa imekwisha kulainishwa na kuwekewa mbolea. Kila zizi likawa kitalu, kila njia ya mifugo ikawa safu ya miche. Mafuriko nayo hubeba mbegu na kuzimwaga kila bonde. Ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, ambayo wengi wetu tunaikumbuka, iliusambaza kwa kasi kuliko mbuzi.

Na mashamba ya Bura yalikuwa wapi wakati huo? Yalikuwa yamelala. Pampu zimenyamaza, majembe yamepata kutu. Udongo uliolimwa na kusawazishwa, wenye mifereji ya kuyashika maji machache ya mvua, ukawa kitanda kilichotandikwa tayari. Mathenge uliingia mashambani, ukajaza mifereji, ukaziba barabara za mradi.

Wafugaji nao waliumia kwa namna yao. Tangu zamani Waorma, Wardei na wafugaji wengine wa eneo hili wana njia zao za kuwateremsha mifugo mtoni, ziitwazo malka. Kiangazi kikikaza, malka ni uhai. Kichaka cha mathenge kikiota hapo, ng'ombe huona maji kwa pua lakini miguu haifiki. Watalazimika kutafuta pengine pa kupita, na pengine hapo ni shamba la mtu. Msomaji anayejua historia ya Tana River hahitaji kuambiwa zaidi.

Hata yale maganda matamu yana deni. Mbuzi akiyala kwa wingi miezi nenda miezi rudi, sukari na nyuzi zake hunata kwenye fizi, meno huoza na kung'oka, na mnyama hufa kwa njaa majani yakiwa mbele yake. Mwaka wa 2006 wakazi wa Baringo walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki serikali kwa kuwaletea mti huu, na katika ushahidi wao alikuwamo mbuzi asiye na meno. Nchi nzima ilicheka. Wenye mbuzi hawakucheka.

Mwaka wa 2008 serikali iliutangaza rasmi mathenge kuwa gugu haribifu. Ule mti uliopandwa kwa bajeti ukahitaji bajeti ya kuungoa. Wasomali, ambao mti huu umewavamia pia, wana jina lao kwa ajili yake: garanwaa, maana yake asiyejulikana. Sijui kama kuna jina lingemfaa zaidi mgeni aliyepokelewa bila kuulizwa atokako.

MAADUI WA ADUI

Mtu aliyeshindwa na aiptasia kwa kisu hutafuta mnyama wa kumla. Wapo. Kuna uduvi mwenye mistari myekundu, kuna kitatange wa mdomo mrefu kutoka bahari za mashariki ya mbali, na kuna konokono mmoja wa bahari asiye na gamba ambaye chakula chake duniani ni aiptasia peke yake.

Lakini kila msaidizi ana masharti. Uduvi akishiba aiptasia anaweza kuanza kudonoa matumbawe. Kitatange yule ni mgumu kufuga na wengi humfia mwenyewe. Yule konokono, akiwamaliza aiptasia wote, naye hufa kwa njaa.

Kwa mathenge hali ni hiyo hiyo. Afrika Kusini, ambayo ina balaa lake la miti ya jamii hii, iliwaachilia mwaka wa 1987 fukusi wanaotoboa na kula mbegu zake. Wakala kweli. Kikwazo kilikuwa kwamba kondoo na mbuzi waliyafikia maganda kabla ya fukusi, na mbegu zikaendelea kusafiri matumboni. Adui wa adui hawezi kufanya kazi ikiwa mwenye nyumba bado anamlisha adui.

Kwetu sisi tunao mfano uliokwenda vizuri zaidi. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, watu wakilitia katika vidimbwi vya bustani. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 waliachiliwa fukusi wanaolila, na baada ya 1998 lilipungua sana. Lilipungua, lakini halikwisha, na kuna misimu ambapo hurudi likaziba ufuo wa Kisumu.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Hapa Bura watu hawakukaa wakilia. Methali hutufunza kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ndivyo walivyofanya. Kichaka kile kile kinachochoma miguu ndicho kinachochomwa makaa. Nguzo zake hujenga nyumba na nyua. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha jinsi ya kupunguza mashina, kubakiza machache yanyooke, na kuyasaga maganda yawe chakula cha mifugo. Kusaga ndiyo siri, kwa sababu mbegu iliyosagwa haiwezi kuota.

Serikali nayo ilirudi mradini. Katika miaka ya 2000 mashamba yalianza kufufuliwa, mathenge ukang'olewa, na mahindi, yakiwemo ya mbegu, yakachukua mahali pa pamba. Ukipita panapolimwa leo utaona mpaka uliochorwa kwa jasho: huku mistari ya mahindi, kule ukuta wa miiba ukingoja.

Unangoja nini? Unangoja shamba lilale. Katika ardhi inayolimwa kila msimu, miche ya mathenge hung'olewa ikiwa midogo na haipati nafasi. Shamba likikosa maji kwa misimu miwili au mitatu, mbegu zilizokuwa zimelala udongoni huamka. Ndiyo maana kwa mkulima wa Bura habari ya maji na habari ya mathenge ni habari moja. Maji yakifika, anaulinda mpaka wake. Maji yakikatika, mpaka humfuata mlangoni.

Na utaona pia kwamba mti huu una marafiki sasa. Anayeuza makaa yake hapendi uishe. Anayefuga mbuzi wachache huushukuru wakati wa kiangazi. Anayelima anautaka uondoke leo. Wote watatu wanaweza kuwa wa kijiji kimoja, wakati mwingine wa nyumba moja. Ukisikia mtu mjini akitoa amri kwamba mathenge uangamizwe wote, au uachwe wote, ujue hajafika Bura.

UKIRUDI NYUMBANI

Turudi sasa sebuleni, kwa maana somo la Bura linafaa hata kwa tangi la lita mia mbili.

Jiwe au tumbawe jipya lisiingie tanginimwe siku ile ile. Liweke kwanza karantini, yaani katika chombo cha pembeni chenye maji yake, taa yake na pampu yake, kwa wiki nne hadi sita. Lichovye katika dawa ya kuogeshea matumbawe, ulitikise, kisha uangalie kilichoanguka. Kumbuka kwamba dawa huua minyoo lakini haiui mayai yake. Mayai hutagwa sehemu ya chini iliyokufa ya tumbawe, na hayo yakwangue, kisha urudie kuchovya baada ya siku kadhaa. Mayai ni kama mbegu za mathenge: usiyaone kimya ukadhani yamekufa.

Aiptasia mmoja mmoja muue kwa bomba la sindano lenye maji yaliyochemka au maji ya limau, umlenge mdomoni, wachache kwa siku ili usichafue maji. Usimkwangue. Punguza chakula cha samaki.

Jambo moja usifanye kamwe: usichemshe mawe ya tangi jikoni. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, yaitwayo zoantidi, yana sumu kali, na mvuke wake umewahi kuwapeleka hospitali watu wa nyumba nzima katika nchi za ng'ambo. Kwa sababu hiyo hiyo vaa glavu, na watoto watazame kwa mbali.

Na ukichoka na tangi, usimwage baharini, mtoni wala kwenye mtaro. Yuko samaki mwenye mapezi marefu ya miiba yenye sumu ambaye kwetu katika Bahari ya Hindi ni mkazi wa kawaida tu. Mwaka wa 1985 alionekana pwani ya Florida, na inaaminika kwamba alitoka katika matangi ya watu. Leo ametapakaa Karibiani yote na kufika Brazil, akila vifaranga vya samaki wa huko ambao hawakuwahi kumwona adui wa namna hiyo. Kwetu mathenge ulitoka kwao. Huyu alitoka kwetu akaenda kwao.

Kwa hiyo kabla ya kukaribisha kiumbe chochote, awe konokono wa shilingi hamsini au mti wa kuokoa msitu, usiulize tu atakufaa nini. Uliza atatokaje siku ukimkataa. Kama hakuna anayeweza kukujibu, mwache kizingitini.

Ukipata likizo, nenda Bura na watoto. Nenda wakati wa kiangazi, njia zinapopitika, na uvae viatu vya soli nene, kwa maana mwiba wa mathenge hutoboa hata gurudumu la gari. Waonyeshe mto, mfereji na mahindi. Kisha watafutie pembeni mwa shamba mche wa mathenge uliochipuka juzi, wenye majani manne hivi. Waambie wauvute. Utang'oka kwa vidole viwili, mzizi na yote. Halafu wainue macho wautazame mama yake ng'ambo ya mfereji, ambaye sasa hatoki bila trekta.